Nimeombwa kwenda Rwanda kuwafundisha watoto Kiingereza kwa miezi mitatu. Ninyi mliotangulia mnanishaurije?

BintiPangani (mleta mada)

Assalaam aleikum walimu wenzangu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa ngazi ya cheti, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, ingawa kwetu hasa ni Pangani. Nasubiri ajira kama wengi tuliomaliza vyuo miaka hii, na wakati nasubiri ninajitolea katika shule moja ya msingi, ambako nimekabidhiwa Kiingereza cha darasa la tatu na la nne na wazazi hunichangia posho ya nauli. Mwezi uliopita kikundi kimoja kinachokusanya walimu wa kujitolea kutoka nchi za Afrika Mashariki kiliniuliza kama ningekubali kwenda Rwanda kwa miezi mitatu, katika shule ya kijijini wilayani Kirehe, si mbali na mpaka wa Rusumo, kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini kujifunza Kiingereza. Mshahara hakuna. Nitapewa chumba, chakula na nauli ya kwenda na kurudi.

Nimefurahi, sikatai, lakini yapo mambo mawili yanayoninyima usingizi, nami naomba niyaweke hapa mbele ya wenye uzoefu.

La kwanza ni mimi mwenyewe. Kiingereza changu nimekipata kama wengi wetu tulivyokipata: shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza nikakuta fizikia, jiografia na historia zote zimegeuka Kiingereza, nikayakariri yaliyokaririka na mengine yakanipita. Baadaye nilijitahidi, na sasa naandika bila hofu, ila nikizungumza bado nayapanga maneno kichwani kwanza. Si Kiingereza cha kuombea maji, lakini pia si cha mtu aliyelelewa nacho. Je, mtu wa namna yangu anastahili kusimama mbele ya watoto wa nchi nyingine akaitwa mwalimu mgeni wa Kiingereza?

La pili ni kumbukumbu. Nilipokuwa darasa la nne alikuja shuleni kwetu dada mmoja wa Kizungu, akakaa wiki sita. Alikuwa mchangamfu na alitupenda kweli. Alituletea mwanasesere wa kitambaa mwenye umbo la kipepeo, akatufundisha wimbo wa kipepeo huyo, nasi tukawa tunauimba hata njiani tukirudi nyumbani. Alipoondoka tulilia. Jumatatu iliyofuata mwalimu wetu alifungua kitabu ukurasa uleule tuliokuwa tumeuacha wiki sita nyuma, akaendelea kana kwamba hakuna mtu aliyepita hapo. Hadi leo ninajua kipepeo anavyoitwa kwa Kiingereza, na sikumbuki jambo jingine lolote la wiki zile isipokuwa jina la yule dada. Simlaumu, huenda nisingeipenda lugha ile kama si yeye. Lakini sasa ninaombwa mimi ndiye niwe yeye, na sitaki miezi mitatu ya watoto wa watu iishie kwenye kipepeo.

Kwa hiyo ninauliza: ninyi mliowahi kujitolea kufundisha Rwanda, Burundi au kwa majirani wengine, ni kitu gani mlichokifanya kikabaki baada yenu kuondoka? Na watoto wa kule hukwama wapi hasa katika Kiingereza, ili nianze kujiandaa nikiwa bado hapa Tanga?

KalamuNyekundu

Mwalimu, mimi nilikwenda. Nilikaa muhula mmoja na nusu wilaya ya Ngoma, ambayo imepakana na hiyo Kirehe, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, na mengi kati ya hayo niliyaona baada ya kukosea.

Siku ya kwanza nilipewa darasa la pili, watoto zaidi ya 50, na hao walikuwa wa zamu ya asubuhi tu, maana madarasa ya chini pale yalikuwa yakisoma kwa zamu mbili. Niliandika ubaoni neno la Kiingereza la paka, yaani "cat", nikawaomba walisome. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja: "Chati!" Nikaandika "cup", wakasoma "chupu". Nikajisemea moyoni kwamba hapa hakuna kilichofundishwa. Wakati wa mapumziko mwalimu mwenyeji, mama wa makamo aliyekuwa amekaa kimya nyuma ya darasa muda wote, alinieleza huku akijizuia kucheka kwamba katika Kinyarwanda herufi c ikisimama peke yake husomwa kama ch yetu. Watoto wale walikuwa wamesoma sawasawa kabisa, kwa kanuni waliyofundishwa na waliyoielewa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kanuni hiyo. Tangu siku ile sikuwahi tena kuandika neno jipya ubaoni kabla watoto hawajalisikia na kulitamka mara nyingi, wakiwa wameshika kitu chenyewe mkononi.

Jambo la pili utakalokutana nalo ni l na r. Kinyarwanda hakizitenganishi sauti hizo kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na ndiyo maana kalamu kwao ni ikaramu. Usishangae mtoto akikuambia kwa Kiingereza kwamba mchana amekula chawa ("lice"), ilhali amekula wali ("rice"). Usimcheke, na wala usilifanye jambo hilo kuwa la kwanza katika masomo yako, kwa sababu hata hapa nyumbani wapo watu wazima wengi, wasomi, ambao sauti hizo huwachanganya na maisha yao yanaendelea.

Umeuliza kama unastahili. Nitakuambia jambo ambalo mgeni wa kutoka Ulaya haji nalo katika begi lake. Utafika siku ya kwanza na utasikia ikaramu, isabune, isahani, ameza, na utajua vinazungumzwa vitu gani. Utasikia umuntu na abantu, igitabo na ibitabo, amaso na amenyo, na ndani ya wiki moja utakuwa umeelewa jinsi nomino zao zinavyokwenda, kwa sababu ni ngeli zetu hizihizi zimevaa irabu mbele. Maana yake ni kwamba utajua mtoto anatoka wapi anapokosea. Sisi na wao hatuna kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Kwetu ni "yeye" tu, na katika kitenzi ni "a-" tu, kwao vilevile. Mtoto atasema kuhusu mama yake kwa kutumia kiwakilishi cha mwanamume, na wewe hutashangaa, kwa sababu umewahi kukosea hivyohivyo. Mimi mwenyewe nikichoka bado nakosea.

Lakini kosa lililonifunza kuliko yote lilihusu neno moja dogo, ejo. Niliwapa darasa la tatu zoezi la kuandika sentensi tatu kuhusu kazi za nyumbani. Mvulana mmoja aliandika kwa Kiingereza kwamba kesho alichota maji. Nikapiga mstari mwekundu. Daftari lililofuata, kesho alichunga mbuzi. Mstari mwekundu. Nilipofika daftari la kumi nikagundua kwamba haiwezekani watoto wote hawa wawe wazembe kwa namna moja, nikalipeleka rundo kwa yule mama. Akasema: kwetu ejo ni jana, na ejo ni kesho, kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi, au mtu huongeza neno kuonyesha kwamba ni ile iliyopita au ile inayokuja. Yaani mtoto alikuwa ametafsiri kwa uaminifu, na kitenzi alikuwa amekipatia. Katika daftari lile palikuwa na jambo la kusifiwa na mimi nilikuwa nimelipaka wino mwekundu.

Tulilitatua kwa kamba. Tulifunga kamba ya katani ukutani kwa ukutani, mwisho mmoja upande wa dirisha linalotazama mashariki na mwisho mwingine upande wa mlango, tukafunga fundo kubwa katikati liwe leo. Mtoto akisema sentensi husimama kwenye kamba: kushoto kwa fundo ni jana, kulia ni kesho, na akisimama mahali pasipolingana na kitenzi chake wenzake humvuta. Vurugu ilikuwa kubwa, vumbi likatimka, na mwalimu mkuu alikuja kuchungulia dirishani, lakini ndani ya wiki mbili jana na kesho vilikuwa vimekaa mahali pake.

Sasa swali lako la kilichobaki. Baada ya wiki ya pili sikufundisha tena peke yangu. Yule mama alikuwa amesomea ualimu kwa Kifaransa. Kiingereza alikisoma vizuri na sarufi aliijua kunizidi, lakini kuzungumza mbele ya watoto aliona haya, kwa hiyo alikuwa akitoa maagizo yote kwa Kinyarwanda kisha anaandika Kiingereza ubaoni kimyakimya, na watoto wakanakili kimyakimya. Tulikubaliana kukutana nusu saa kila mchana, kati ya zamu na zamu, sisi wawili tu, kufanyia mazoezi sentensi ambazo mwalimu huzitumia kila siku: fungueni daftari, nani hayupo leo, rudia tena taratibu, mpe mwenzako, umefanya vizuri. Tulizipata kama 40 hivi, tukaziandika nyuma ya kalenda ya zamani na kuibandika kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, mahali ambapo yeye anaiona na watoto wameipa mgongo. Wiki ya kwanza alikuwa akitumia mbili au tatu. Nilipokuwa naondoka alikuwa haitazami tena kalenda. Watoto niliowafundisha mimi sina hakika wanakumbuka nini. Ila yeye yupo palepale, na kila mwaka anapokea darasa jipya.

Mzigua_wa_Handeni

Nimesoma yote kwa makini, na sina ubaya na mtu, lakini itabidi niseme lile ambalo wengine wanalikwepa. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami naona hapa tunamsindikiza mganga kwa vigelegele aende kuganga ugenini na kuacha wagonjwa ukumbini kwake.

Mleta mada ameeleza mwenyewe kwamba anashika Kiingereza cha madarasa mawili kwa kujitolea. Akiondoka miezi mitatu, nani atayashika? Twende Mkinga, twende Kilindi, twende huku kwetu Handeni, tukaulize ni wanafunzi wangapi wanaoingia kidato cha kwanza wakiwa na uwezo wa kuandika barua fupi kwa Kiingereza pasipo kunakili. Hiyo nauli ya kwenda na kurudi mpaka wa Rwanda ingenunua vitabu vya hadithi vya kutosha shule nzima. Na kama ni lazima kwenda, kwa nini hatuendi na kile tulichobobea? Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Huko hakuna atakayetuuliza kama tunastahili.

BintiPangani

Kaka Mzigua, hoja yako ya madarasa mawili imenichoma, kwa sababu ni ya kweli na ndiyo niliyoikwepa katika maelezo yangu. Nimezungumza na mwalimu mwenzangu ambaye angeshika vipindi vyangu, lakini naye ana mzigo wake. Kuhusu nauli, fedha hiyo si yangu, nikiikataa haiji Handeni. Ninaomba wengine waendelee kuchangia.

MkufunziMstaafu

Binti yangu, hujambo. Nilifundisha walimu wa shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30 mkoani humuhumu, na sasa nalima machungwa Muheza, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kwa urefu, mtanisamehe.

Nianze na kijana wa Handeni. Hasira yake ninaielewa, lakini anapima vitu viwili kwa mizani isiyofaa. Sisi mwaka 1967 tulichagua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia shule ya msingi, na mtoto wetu akishindwa Kiingereza darasa la tatu, bado anasoma hisabati na sayansi kwa lugha anayoielewa. Adhabu yake humngoja sekondari. Mtoto wa Rwanda hana nafasi hiyo. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Oktoba 2008 serikali yake iliamua kwamba Kiingereza ndicho kiwe lugha ya kufundishia, ilhali walimu wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa. Mwaka 2009 ikaingia pia Jumuiya ya Madola. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishwa kwenye Kinyarwanda, kwa sababu watoto hawakuwa wakielewa. Kisha mwishoni mwa mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitaanza tena tangu darasa la kwanza. Fikiria mwalimu aliyeanza kazi miaka ya tisini: amefundisha kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiingereza tena, na yeye ni yuleyule, na chaki ni ileile. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya au mzuri, hiyo ni nchi ya watu na wana sababu zao, na sehemu moja ya sababu hizo ni kwamba wengi waliorudi nyumbani baada ya mwaka 1994 walikuwa wamekulia Uganda na elimu yao ilikuwa ya Kiingereza. Ninachosema ni kwamba, unapokwenda kumsaidia mtoto wa darasa la pili kule kujua maneno ya Kiingereza, unamsaidia kuelewa pia kutoa na kujumlisha.

Kutokana na hilo nina onyo moja, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Usikizuie Kinyarwanda darasani. Utaona vishawishi. Wageni wengi hudhani kwamba kwa kuwa wamekuja kufundisha Kiingereza, basi kila neno la lugha ya nyumbani ni uchafu wa kufagiliwa. Mimi nilisoma katika shule ambayo mtoto aliyekamatwa akisema Kibondei alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amkamate mwenzake. Nilikivaa siku mbili. Sikujifunza neno hata moja la ziada katika siku hizo mbili, nilijifunza kunyamaza. Mtoto wa miaka saba anayejua kusoma kwa lugha ya mama yake ameshafanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu amekwisha kugundua kwamba alama zile kwenye karatasi ni sauti. Kisa cha "chati" alichosimulia KalamuNyekundu ni ushahidi wa jambo hilo. Watoto wale walikuwa wasomaji. Kilichobaki kilikuwa kuwaonyesha kwamba Waingereza wana tabia yao isiyoeleweka ya kuandika jambo moja na kutamka jingine, tabia ambayo sisi Wabantu hatunayo na tunaruhusiwa kuishangaa.

Kuhusu kustahili kwako. Mtoto hahitaji mwalimu anayetamka kama mtangazaji wa redio ya London. Anahitaji mwalimu anayezungumza taratibu, kwa sentensi fupi zilizo sahihi, na asiyeona haya kusema "sijui, nitatazama kwenye kamusi kisha nikuambie kesho". Mtu anayepanga maneno kichwani kabla ya kusema ndiye anayefaa madarasa ya chini. Anayemwaga maneno kama mvua ya masika watoto humwangalia mdomo tu.

Na ili tusimwache kijana wa Handeni mikono mitupu, ninakushauri ufanye jambo hili: kabla hujasafiri, chukua Jumamosi nne uzifanyie kazi hapohapo Tanga na watoto wa darasa la pili, si la tatu wala la nne uliowazoea, na uwe na yule mwenzako atakayeshika vipindi vyako. Fundisheni pamoja. Kama mbinu zako hazifanyi kazi kwa mtoto unayezungumza naye lugha moja, hazitafanya kazi Kirehe. Na kama zinafanya kazi, mwenzako atakuwa amezipata, na madarasa yako hayatakuwa yameachwa ukiwa.

DerevaWaMasafa

Mimi si mwalimu, ni dereva wa lori, na njia ya Rusumo ninaijua. Nitasema ya barabarani tu.

Kutoka Tanga utapita Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi ndipo ufike mpakani. Usijidanganye kwamba ni safari ya siku moja. Beba pasipoti, wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda wana mpango wao wa kuvukiana kwa vitambulisho vya taifa, usije ukadhani nawe utapita kwa kitambulisho cha NIDA. Viza huhitaji kwa kuwa sote ni wa Jumuiya, lakini kuingia nchini na kufanya kazi nchini ni mambo mawili tofauti, hata kama kazi hiyo haina malipo, kwa hiyo waliokualika wakuandikie barua na wakutafutie kibali mapema, wasikuambie kwamba utashughulikia ukifika. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki waliipiga marufuku tangu mwaka 2008, kabla yetu sisi, na wanakagua. Nimemwona mama mmoja akitolewa viatu vyake vyote kwenye mifuko pale mezani na kubaki amevikumbatia.

Ukivuka daraja la Kagera utaona magari yanahamia upande wa kulia wa barabara. Tazama upande sahihi kabla ya kukatiza, na kama utawavusha watoto barabara, wao ndio wakuvushe wewe. Saa nayo inarudi nyuma: saa mbili ya Tanzania ni saa moja ya Rwanda. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote wanatoka kufanya kazi za jamii, maduka yanafungwa na magari hayapiti ovyo. Usipange safari asubuhi hiyo. Chukua jembe uende nao, utafahamiana na wazazi wa wanafunzi wako haraka kuliko kwa mkutano wowote.

KalamuNyekundu

Dereva amenikumbusha jambo la saa. Majina ya saa wameyachukua kwetu: wanasema saa moya, saa mbiri, saa tatu, na wanahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua kama sisi. Mtoto atakuambia kwa Kiingereza kwamba shule inaanza saa ya kwanza. Hilo utalijua bila kuambiwa.

Nimesahau pia kukutajia kalenda yao. Mwaka wao wa masomo siku hizi huanza Septemba, si Januari. Ukienda Januari ukidhani unaanza nao mwanzo, utakuta wameshamaliza muhula mzima na mwalimu mwenyeji ana azimio lake la kazi analolifuata. Mwombe akuonyeshe amefika wapi, na uanzie hapo. Yule dada wa kipepeo, kwa jinsi ulivyomweleza, nadhani kosa lake lilikuwa hilo tu: hakumuuliza mwalimu wenu mlikuwa ukurasa gani.

Na picha. Tafadhali usiwapige watoto picha na kuzitundika mitandaoni bila ruhusa ya shule na ya wazazi wao. Wewe mwenyewe usingependa picha yako ya darasa la nne, ukiwa na kamasi, iwe kwenye simu ya mtu asiyekujua.

Mzigua_wa_Handeni

Nimemsoma mzee wa Muheza, shikamoo mwalimu. Sijabadili msimamo kuhusu Kiswahili, lakini hizo Jumamosi nne nimezikubali. Kama mtazifanya, nijulisheni ni shule gani. Nina mdogo wangu anayesubiri ajira kama mleta mada, naye yupo Tanga mjini kwa sasa, ningependa aje akae nyuma ya darasa atazame.

BintiPangani

Shikamoo mwalimu wa Muheza, na asanteni nyote.

Nimekwenda leo kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule ninayojitolea. Amekubali tutumie darasa moja Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano, kwa sharti kwamba wazazi waandike barua ya ridhaa na tufagie tukimaliza. Mwenzangu atakayeshika vipindi vyangu amekubali kuwepo zote nne. Kaka Mzigua, mdogo wako anakaribishwa, nitakutumia maelekezo kwa ujumbe wa faragha. Nimewaandikia pia wale walionialika, nikawauliza mambo matatu: kibali, barua, na jina la mwalimu mwenyeji ambaye nitakaa naye, ili tuanze kuwasiliana kabla sijafika. La kibali walinijibu saa hiyohiyo. La mwalimu mwenyeji wamesema hawakuwahi kuulizwa na mtu, na wanaomba siku chache.

Kwa kuwa nchi hii ya mkonge, nilidhani kamba ya katani itapatikana duka lolote la Ngamiani, lakini nilikoingia wote wana za nailoni. Nimekwenda kwa mjomba wangu pale Deep Sea, akanikatia kipande kirefu cha kamba ya zamani ya jahazi na kunifungia lile fundo la katikati mwenyewe, fundo la kibaharia ambalo anasema halifunguki hata watoto 50 wakining'inia. Nilipomwambia inakwenda Rwanda aliuliza kule wanavua samaki gani.